Simba ya Desemba na Simba ya Juni

Desemba 28, 2024, bao la Fabrice Ngoma dhidi ya Singida Black Stars liliifungia Simba duru la kwanza la Ligi Kuu ya NBC ikiwa na pointi 40. Michezo 15, ushindi 13, sare moja, kipigo kimoja. Siku ya pili yake Yanga wakaichapa Fountain Gate 5-0 wakafikisha 39. Mwana Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, alikuwa ameshaona kombe likienda Jangwani kwa Yanga misimu mitatu mfululizo, na msimu uliotangulia alikuwa amepigwa 5-1 na watani hao kwenye dabi, kisha akamaliza wa tatu kwa tofauti ya mabao baada ya kufungana na Azam kwa pointi 69. Kwake yeye, kuvuka mwaka akiwa kileleni ilikuwa ni kuvuta pumzi. Timu mpya, kocha mpya, kaulimbiu ya "Ubaya Ubwela" imebandikwa kila mahali, na jedwali linasema sisi ndio wa kwanza.

Juni 25, 2025, Uwanja wa Mkapa, Yanga walitufunga 2-0 wakabeba ubingwa wao wa nne mfululizo wakiwa na pointi 82. Sisi tulibaki na 78.

Tangu siku ile, maelezo yanayosikika zaidi vijiweni ni kwamba Simba iliporomoka duru la pili. Wengine wanasema pumzi zilikata, wengine kwamba wachezaji walilewa sifa, wengine kwamba kocha Fadlu Davids aliishiwa mbinu. Nimekaa na matokeo ya msimu ule mchezo kwa mchezo na siwezi kukubaliana nao. Duru la kwanza Simba ilikusanya pointi 40, duru la pili 38. Timu inayopata 38 kati ya 45 haijaporomoka. Kilichotokea ni kwamba Yanga walitoka 39 wakapanda hadi 43: ushindi 14 na sare moja tu, ile ya 0-0 na JKT Tanzania mwezi Februari. Baada ya sare hiyo hawakudondosha tena hata pointi moja.

Kwa hiyo swali la kilichoiharibu Simba baada ya Desemba halinisumbui sana. Ninachouliza ni hiki: katika zile pointi 40 tulizokuwa tunazisherehekea, kulikuwa na dalili gani ambayo hatukuiona? Ilikuwepo, na ilikaa wazi kabisa kwenye mchezo mmoja.

Oktoba 4, 2024, uwanja wa KMC, Simba dhidi ya Coastal Union. Hadi mapumziko tunaongoza 2-0, mabao ya Mohamed Hussein 'Tshabalala' na Leonel Ateba. Mchezo ukaisha 2-2. Wiki ile kelele zilikuwa nyingi, lakini zikazimika haraka kwa sababu dabi ilikuwa inakaribia, na baada ya dabi timu ikaanza kushinda mfululizo. Ilipofika Desemba, sare ile ilikuwa imegeuka namba 1 kwenye safu ya sare, na namba 1 kwenye jedwali haitishi mtu.

Sasa sogea duru la pili. Februari 6, 2025, Tanzanite Kwaraa, Babati. Tunaongoza 1-0 dhidi ya Fountain Gate, mchezo unaisha 1-1. Februari 24, dhidi ya Azam, tunatangulia kufungwa, tunasawazisha, tunaongoza 2-1, na dakika za mwisho Zidane Sereri anasawazisha. 2-2.

Hizo ndizo sare zote za Simba katika ligi ya msimu wa 2024/25. Tatu. Na katika zote tatu tulikuwa tunaongoza.

Hebu tupige hesabu. Kabla ya dabi ya Juni 25, Yanga walikuwa na pointi 79 na sisi 78, ndiyo maana tuliingia uwanjani tukihitaji ushindi huku wao wakitoshwa na sare. Tungelinda bao la Babati tungeingia na 80, na sare ingetosha kwetu. Tungelinda na lile la Azam tungekuwa na 82. Ongeza na mbili za Coastal Union, ni 84, yaani ubingwa umeshapatikana kabla hata timu hazijapanda basi kwenda Mkapa. Pointi sita. Hakuna aliyetunyang'anya kwa ubora mkubwa zaidi, zilikuwa mkononi tukaziachia.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kila timu hupoteza uongozi mara kadhaa katika michezo 30, na bingwa pia alipoteza. Nilidhani hivyo, nikaangalia. Yanga walidondosha pointi katika michezo mitatu msimu mzima: walifungwa 1-0 na Azam, wakafungwa 3-1 na Tabora United, wakatoka 0-0 na JKT. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao waliwahi kuongoza. Wakishafunga bao la kwanza, mchezo umekwisha. Nadhani hapo ndipo ubingwa ulipoamuliwa, kuliko kwenye dabi, kuliko kwenye kamati, kuliko kwa mwamuzi yeyote.

Najua jibu la haraka ambalo shabiki mwenzangu analo mdomoni: Afrika. Simba ilicheza Kombe la Shirikisho hadi fainali ya Mei 25, wakati Yanga waliaga Ligi ya Mabingwa hatua ya makundi Januari 18 baada ya sare ya 0-0 na MC Alger. Sisi tukawa na viporo, yaani michezo ya ligi iliyoahirishwa, na safari za Algeria, Angola, Misri, Afrika Kusini, Morocco, wao wakawa wanalala nyumbani wakijiandaa na mchezo mmoja kwa wiki. Hoja hii ina uzito na siitupi. Lakini itazame kalenda. Makundi ya Shirikisho yalimalizika Januari 19. Robo fainali na Al Masry ilianza Aprili 2. Sare ya Babati na sare ya Azam zote ziko Februari, ndani ya kipindi ambacho Simba haikuwa na mchezo wowote wa kimataifa. Na ile ya Coastal Union ilikuja hata kabla makundi hayajaanza. Ndege haikuhusika na pointi zile.

Tena historia yetu wenyewe inatukatalia kisingizio hicho. Msimu wa 2018/19 nusu ya safari ilikuwa ya Yanga ya Mwinyi Zahera. Waliongoza ligi, walikaa hadi Januari 19, 2019 ndipo Stand United ikawa ya kwanza kuwafunga, na sisi tulikuwa nyuma yao tukiwa na rundo la viporo kwa sababu ya Ligi ya Mabingwa. Ugenini kwenye makundi tulipigwa tano na AS Vita, tano na Al Ahly, mbili na JS Saoura. Mtu aliyepima timu kwa jedwali la Januari angesema msimu umekwisha. Tukashinda michezo yote mitatu ya nyumbani kwenye kundi, tukaingia robo fainali, na ligi tukaimaliza kwa pointi 93 dhidi ya 86 za Yanga, huku Meddie Kagere akifunga mabao 23. Viporo vilevile, safari zilezile, timu ikaweza. Kikosi kile kilikuwa na Bocco, Okwi na Kagere, watu ambao wakishaonja bao moja wanatafuta la pili na la tatu. Kiporo kwao kilikuwa akiba.

Ndiyo maana siamini katika kusoma msimamo wa Desemba kama unavyosomwa matokeo ya uchaguzi. Ligi yetu ina timu 16, na mbili kati yake zinashinda karibu kila mchezo. Katika ligi ya namna hiyo, tofauti ya pointi moja nusu ya safari haikuambii nani bora. Kinachoweza kukuambia kitu ni ile michezo michache ambayo timu haikushinda. Simba ya duru la kwanza ilikuwa nayo miwili tu: Coastal Union na dabi ya Oktoba 19, ambayo tulifungwa kwa bao la kujifunga la Kelvin Kijili dakika za mwisho. Miwili! Mtu anayependa timu hii alikuwa na muda wa kutosha kuitazama tena yote, dakika kwa dakika, akajiuliza kwa nini timu inayoongoza 2-0 hadi mapumziko inacheza kipindi cha pili kana kwamba mpira unawaka moto.

Hapa natoa maoni yangu na mwenye jicho tofauti anisahihishe. Simba ya Fadlu ilikuwa timu nzuri ya kupora mpira na kushambulia kabla mpinzani hajajipanga. Ikiwa 0-0, ilikimbia, ilikaba juu, kiungo Ahoua alipata mipira kati ya mistari, mabeki wa pembeni walipanda. Ikishapata bao, ilirudi hatua kumi nyuma. Viungo waliacha kuomba mpira, kipa Moussa Camara akaanza kupiga mipira mirefu, na timu ambayo nguvu yake ni kukaba mbele ikawa inakaba kwenye boksi lake. Kwa timu ndogo isiyo na mshambuliaji wa maana hili halikuonekana, kwa sababu hata tukirudi nyuma hawakuwa na wa kutuadhibu. Ndiyo maana tulipata ushindi mwingi wa 1-0 na 2-0 tukauita ukomavu. Baadhi ulikuwa ukomavu kweli. Mwingine ulikuwa bahati ya kukutana na mpinzani asiye na makali.

Ugonjwa huu ulitufuata hadi fainali. RS Berkane ya Morocco walitufunga mabao mawili ndani ya dakika 14 za kwanza kule kwao, kwa hiyo Zanzibar tulikuwa na mlima. Joshua Mutale akafunga dakika ya 17, uwanja wa Amaan ukalipuka. Mapema kipindi cha pili Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, bao la Steven Mukwala likakataliwa baada ya VAR, na dakika za nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha. Siwezi kuwalaumu vijana wale kwa siku ile. Kucheza pungufu dhidi ya Berkane ukihitaji mabao si jambo la kawaida, na kufika fainali ya Afrika ni heshima ambayo vizazi vingi vya klabu hii havikuionja tangu 1993. Nataja tu kwamba hata pale, bao la kuongoza halikufika mwisho wa mchezo.

Kuna jambo lingine katika namna tunavyotathmini ambalo linaniuma zaidi, nalo ni tunavyotafuta mtu wa kumbebesha. Baada ya dabi ya Oktoba, aliyebebeshwa alikuwa Kijili. Baada ya Babati, akawa Ladack Chasambi, kijana aliyerudisha mpira kwa kipa wake ukaingia wavuni. Maneno aliyoandikiwa mitandaoni siku zile sitayarudia hapa. Mchezaji mdogo, Mtanzania, winga aliyerudi kusaidia ulinzi, alifanywa kama ndiye aliyeuza ubingwa. Na kwa sababu jina lilikuwa limepatikana, hakuna aliyeuliza kwa nini robo saa kabla ya mwisho, dhidi ya Fountain Gate, Simba inaongoza bao moja na mpira unachezwa karibu na lango la Camara badala ya lango la mwenyeji. Ukishampata mchawi, uchunguzi umekwisha. Sare ya Coastal Union haikuwa na mchawi, ndiyo maana tuliisahau.

Upande wa pili wa tabia hiyohiyo ni namna tunavyomsifia mtu. Jean Charles Ahoua alimaliza na mabao 16, mfungaji bora wa ligi, kiungo, msimu wake wa kwanza nchini. Ni kazi kubwa. Lakini kiungo anapokuwa mfungaji bora, nusu ya msimu ilitakiwa tuulize washambuliaji wa kati wanafanya nini. Ateba na Mukwala walikuwa wakipokezana, kila mmoja na kundi lake la mashabiki, mijadala ikawa nani aanze kati ya hawa wawili. Mimi ningependa mjadala uwe nani anafunga bao la pili. Maana dawa ya kwanza ya kupoteza uongozi wa bao moja ni kuwa na mabao mawili.

Na dirisha dogo la usajili? Nyongeza iliyosubiriwa kwa hamu ilikuwa Elie Mpanzu, winga Mkongomani ambaye tulishamchukua mapema na tukawa tunasubiri tu usajili ufunguliwe ili aanze kucheza. Aliingia na akaonyesha kwa nini alisubiriwa. Ana kasi, anamfuata beki bila woga, na bao la kusawazisha dhidi ya Azam lilikuwa lake. Shida haikuwa Mpanzu. Shida ni kwamba timu yenye pointi 40 haikuonekana kuwa na tundu, kwa hiyo hakuna shabiki aliyepiga kelele kudai kiungo mtulivu wa kushika mpira dakika 20 za mwisho, mtu wa kupunguza mwendo wa mchezo, kuutuliza, kumchosha mpinzani. Uongozi husikia kelele za jukwaani zaidi ya tunavyodhani. Tulidai mabao, tukaletewa mtu wa mabao.

Wakati huohuo Jangwani nusu ya msimu ilisomwa kwa hofu, na naamini hofu ile iliwasaidia. Mwanzoni mwa Novemba walifungwa na Azam, siku tano baadaye na Tabora United, na Miguel Gamondi, kocha aliyewapa ubingwa uliopita, akaondoka. Akaja Sead Ramović. Watu wetu walicheka sana. Kisha mwanzoni mwa Februari Ramović naye akaenda Algeria, CR Belouizdad, katikati ya mbio. Tukacheka tena. Siku moja baada ya taarifa hizo Yanga wakaipiga KenGold 6-1, na siku iliyofuata sisi tukatoka sare Babati. Miloud Hamdi akachukua timu, akaanza na ile suluhu ya JKT, na kuanzia hapo ni ushindi hadi siku ya kombe.

Sisemi kubadilisha makocha ndiyo dawa. Ninachosema ni kwamba kipigo cha Tabora kiliwafanya Yanga wafungue kila droo, kuanzia benchi hadi kikosi, wakati sisi pointi 40 zilitufanya tusifungue hata moja. Wao waliingia duru la pili wakijua wanaumwa wapi. Washambuliaji wao walirudi kwenye kufunga mabao matatu, manne, matano kwa mchezo, na timu inayoongoza 3-0 haihitaji kulinda chochote dakika ya 88.

Kuhusu dabi ya Machi 8 ambayo haikuchezwa, baada ya Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo na kutangaza kutoshiriki, yameandikwa mengi na kila upande una hukumu yake. Kwa uchambuzi huu inatosha kusema kwamba ilisogezwa hadi Juni 25, na kwamba ilipokuja tulifungwa kwa mara ya tano mfululizo na watani zetu katika mashindano yote. Mara tano kuanzia Novemba 2023: 5-1, 2-1, 1-0, 1-0, 2-0. Namba hiyo nayo ilikuwa mezani Desemba, ikiwa imefika nne. Tulijua mchezo uliobaki na Yanga unaweza kuamua ligi, na tulijua hatujawafunga tangu tulipowatoa kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga, Agosti 2023. Bado hesabu za ubingwa zilizopigwa vijiweni mwezi ule zilikuwa zinaihesabu dabi kama pointi tatu zetu.

Duru jingine la kwanza litafungwa, na watu watapiga picha msimamo wa ligi na kuutuma kwenye makundi ya WhatsApp, kileleni wakiwa wao au sisi. Mimi nitaanza na swali jingine kabisa, kwa Simba na kwa timu yoyote ninayoipenda: mara ngapi tuliongoza tukashindwa kushinda, ilikuwa dakika ya ngapi, na nani alikuwa na mpira wakati huo? Nikikuta hata mchezo mmoja tu, nitautazama wote tena kabla sijafungua mdomo kuhusu ubingwa.